Punje Mwenyeji, Punje Mgeni

"Mwalimu, njaa imekuzidi?"

Kijana aliyenibeba kwa pikipiki kutoka Kalokol alikuwa amejinyoosha chini ya mgunga, akala zake bado miguuni, akinitazama nikilamba jiwe. Mimi si mwalimu, lakini huku mwenye daftari na miwani haulizwi mara mbili. Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya laga, mkondo wa mto uliokauka, magharibi ya Kataboi, saa tatu asubuhi, upepo wa Ziwa Turkana ukinijaza mchanga masikioni. Nililamba tena, nikaligeuzageuza jiwe juani, nikalitupa.

"Lina chumvi?"

"Vumbi tu."

Kulamba mawe ni desturi kongwe ya wanaosoma miamba. Vumbi la Turkana huvisha kila kitu kanzu moja, na mate ndiyo maji yaliyo karibu. Jiwe likilowa, rangi yake hutoka, na kama lina fuwele ndani, zinameta. Punje niliyokuwa naitafuta haizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Haina rangi ya kusifiwa, na hakuna sonara atakayekupa hata pesa ya chai kwa gunia zima. Ni feldispa, jamii ya madini iliyojaa kuliko nyingine zote katika gamba la dunia. Ila feldispa niliyoitaka mimi ilipaswa kuwa ndani ya kipande cha pumisi, na pumisi hiyo iwe ndani ya tabaka la majivu ya volkano, na tabaka lenyewe liwe bado limelala pale lilipolala siku ya kwanza. Hapo sasa kitu cha kawaida kinageuka adimu. Unaweza kutembea siku nzima usikione. Na tarehe nyingi zilizoipa Turkana jina duniani, umri wa mafuvu, umri wa zana za mawe, zimening'inia kwenye punje za namna hiyo.

Nilitaka kuifuata njia iliyopitiwa na waliozitafuta. Nilianzia Lodwar, kama walivyoanza wengi.

Enzi za wakoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa; huingii bila kibali, na serikali iliipenda hivyo, maana mahali pasipofikika ni jela isiyohitaji ukuta. Mzee Jomo Kenyatta alijua hilo: alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa kizuizini hapa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Lakini wenye nyundo na mifuko ya sampuli walipita. Mfaransa Camille Arambourg alipita upande huu wa ziwa mwaka 1932 akielekea bonde la Omo, Ethiopia, akichimba mifupa ya wanyama njiani. Mwaka 1934 akaja Vivian Fuchs, mwanajiolojia Mwingereza, na msafara wake ukaishia kwenye msiba: wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Fuchs mwenyewe baadaye alivuka bara la barafu la Antaktika kutoka upande hadi upande. Nimesimama Lodwar saa nane mchana mara kadhaa, na sidhani barafu ilimtisha mtu aliyekwisha kupita hapa.

Wote hao walikusanya vingi. Kilichowashinda ni swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: vya lini?

Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60, na kabla hujafika, kando ya barabara, kuna mahali ambapo dereva wa Probox alisimama bila kuombwa. Ni Namoratunga. Nguzo 19 za basalti, nyeusi, nyingine zimeinama kama watu wanaosikiliza. Waturkana wanasimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka asiyechekwa, wakageuka mawe papo hapo. Abiria mmoja, mama aliyekuwa amepakata mtoto, alishuka, akaokota kokoto, akaiweka juu ya nguzo, akarudi kwenye kiti chake bila neno. Nami nikafanya vivyo hivyo. Adabu ya mahali haihitaji maelezo.

Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Kimarekani waliandika kwamba nguzo hizi zilipangwa kufuata nyota, na kwamba zina umri wa karibu miaka 2,300. Habari ilipendeza sana na bado inasimuliwa mitandaoni. Uchimbaji wa baadaye umezirudisha nguzo za namna hii nyuma zaidi, hadi karibu miaka 5,000, wakati ziwa lilipokuwa likinywea na wafugaji wa kwanza wakishuka na ng'ombe na mbuzi zao. Kusini ya hapa, Lothagam Kaskazini, kundi lililoongozwa na Elisabeth Hildebrand lilikuta makaburi ya watu wasiopungua 580 chini ya jukwaa moja la mawe, matokeo yakatangazwa 2018. Wengi walizikwa na mapambo. Kulikuwa na shanga za maganda ya mayai ya mbuni na shanga za mawe ya rangi, yakiwemo mawe ya kijani kibichi kinachoelekea buluu yaitwayo amazoniti.

Amazoniti ni feldispa.

Jambo hilo lilinikaa kichwani njia nzima. Miaka 5,000 iliyopita kuna mtu alipita katika nchi hii, au alibadilishana na mtu aliyepita nchi ya mbali, akalitambua jiwe moja la kijani kati ya maelfu ya mawe ya kahawia, akalitoboa kwa subira ya ajabu, likaishia shingoni mwa maiti. Huyo naye alikuwa mtafuta madini. Jicho lake lilikuwa kali kuliko langu, na hakuwa na lenzi ya kukuza mara 10 iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana kuna watu wanadhani kutambua madini ni kipaji. Ni mazoea, pamoja na kutojiamini.

Ukivunja kipande cha mwamba ukaona punje inayong'aa kama kioo, jambo la kwanza ni kutoifurahia. Katika mabonde haya kuna punje tatu zinazofanana kama watoto wa mama mmoja. Kalsiti ni ya kwanza. Imejaa kwa sababu maji ya ardhini huiacha kila penye ufa. Ikwaruze kwa ncha ya kisu: ikikwaruzika upesi, na ukiikamulia ndimu ikatoa povu dogo, iache. Ya pili ni kwatsi, ngumu; kisu hakiiwezi. Feldispa nayo kisu hakiiwezi kwa urahisi, na hapo ndipo wageni huteleza. Dawa ni kuigeuza taratibu juani. Kwatsi huvunjika kama chupa, kwa mikunjo ya mviringo, kwa hiyo mng'ao wake hauna mpango. Feldispa huvunjika kwa bapa. Ukiigeuza, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha ghafla uso mzima unawaka mara moja kama kioo cha dirisha la mbali kikigongwa na jua, ukizidisha kugeuza kidogo unazima. Mmweko huo ukiuona mara moja hutausahau. Mimi nilifundishwa kwa kuoneshwa mara moja tu, kisha nikakosea kwa siku mbili.

Kwa nini basi feldispa? Kwa sababu ina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Polepole kweli: nusu ya potasiamu hiyo huhitaji miaka bilioni 1.25 kubadilika. Fikiria chungu kilichofunikwa. Volkano ikiwa bado inachemka, kifuniko kiko wazi na agoni yote inatoroka. Volkano ikilipuka na fuwele ikapoa, kifuniko kinafungwa. Tangu siku hiyo kila agoni inayozaliwa humo inabaki humo. Anayekuja baadaye, akavunja chungu maabara na kuhesabu gesi, anajua kifuniko kilifungwa lini.

Ujanja ni kuhakikisha kwamba chungu ni cha mlipuko ulioleta tabaka lenyewe. Hapo ndipo hadithi inapovuka ziwa.

Upande wa pili, Koobi Fora, mwaka 1969, mwanajiolojia kijana Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe ndani ya tabaka la majivu. Tabaka likapewa herufi za jina lake, likaitwa KBS. Sampuli zikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Jibu la kwanza likarudi: karibu miaka milioni 221. Zana za mawe katika enzi za mijusi wakubwa wa kale! Hakuna aliyelikubali, hata wapimaji wenyewe. Walielewa kilichotokea. Majivu hayo hayakutua kutoka angani moja kwa moja. Yaliletwa na mto, na mto haubagui. Uliokota njiani punje za miamba mikongwe sana, ukazichanganya na punje changa za volkano, ukazilaza kitanda kimoja. Ukisaga donge la majivu hayo na kupima yote kwa pamoja, unapima wenyeji na wageni kwa mkupuo mmoja, na mgeni mmoja mwenye umri wa mamia ya mamilioni anatosha kuharibu hesabu ya wenyeji mia.

Ndiyo maana pumisi inatafutwa. Wengi tunaijua kama jiwe la kusugulia visigino. Ni povu la volkano lililoganda likiwa bado na mapovu yake, jepesi kiasi cha kuelea. Fuwele iliyo ndani kabisa ya kipande cha pumisi haikuokotwa na mto, ilizaliwa humo. Mto ulikibeba kipande kizima kama mtumbwi, abiria akiwa ndani.

Fitch na Miller wakaomba pumisi, wakapata jibu jipya: miaka milioni 2.6. Likashikwa kwa mikono miwili, hasa baada ya mwaka 1972, Bernard Ngeneo alipoona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo, fuvu maarufu namba 1470. Kama majivu yana milioni 2.6, fuvu lililo chini yake ni la zamani zaidi, na ubongo wake mkubwa ungepindua vitabu vyote.

Waliolikataa walikuwa nguruwe. Basil Cooke, aliyekuwa amewasoma nguruwe wa kale wa Afrika kwa meno yao, alisema nguruwe waliokutwa chini ya KBS wanalingana na wale wa bonde la Omo wenye umri wa karibu miaka milioni 2. Watu wakabishana miaka mingi, na mabishano yakawa makali kuliko inavyofaa kwa majivu. Mwaka 1975 maabara ya Garniss Curtis huko Berkeley ikatoa milioni 1.8, pamoja na namba nyingine ndogo zaidi. Hatimaye, kati ya 1980 na 1985, Ian McDougall wa Canberra akapima tena fuwele zilizochambuliwa kwa mkono kutoka kwenye pumisi, akafika milioni 1.88, na Andrew Gleadow kwa njia tofauti kabisa akafika palepale. Kelele zikaisha. Napenda sana kwamba katika ugomvi huo mkubwa wa mashine, jino la nguruwe lilisema kweli kabla ya mashine.

Kijana wa pikipiki alisikiliza haya yote akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Kwa hiyo wazungu walijua umri wa mbuzi wao kwa kumsoma mbuzi wa jirani," akasema.

Ndiyo hivyo hasa.

Kataboi yenyewe ni kijiji kisicho na haraka. Manyatta za makuti ya mikoma, shule, kanisa, maduka mawili matatu ya mabati yenye sukari, tumbaku na kadi za simu, samaki waliopasuliwa na kuanikwa, mbuzi wanaokula maganda ya mathenge. Ziwa liko mashariki, halionekani kila mahali, lakini upepo wake haukuachi. Nilimuuliza mzee mmoja aliyeketi kwenye ekicholong, kigoda cha Kiturkana, nje ya duka kama anajua kwamba jina la kijiji chake limo katika vitabu vya jiolojia kote duniani. Akaniuliza kama vitabu hivyo vinaleta maji.

Limo kweli. Mwaka 1988 John Harris, Frank Brown na Meave Leakey waliyagawa matabaka ya upande huu wa ziwa katika sehemu nane na kuyaita kwa pamoja Nachukui, na kila sehemu wakaipa jina la mahali au laga ya hapa: Lonyumun, Kataboi, Lomekwi, Lokalalei, Kalochoro, Kaitio, Natoo, Nariokotome. Ukisoma orodha hiyo kutoka chini kwenda juu, unatembea kutoka miaka milioni 4 na zaidi hadi chini ya milioni moja. Sehemu ya Kataboi ni ya pili kutoka chini. Dari lake ni tabaka la majivu liitwalo Tulu Bor.

Nilililenga hilo Tulu Bor asubuhi yote. Nililikuta ukingoni mwa laga ndogo: utepe mweupe unaoelekea kijivu, mnene kuliko urefu wa mkono mahali pengine na mahali pengine umekatika, ukipita katikati ya udongo wa kahawia. Ukilishika ni kama unga wa mhogo uliolowa ukakauka. Chini ya lenzi ni vigae vya kioo, vyembamba, vilivyopinda, kuta za mapovu yaliyopasuka. Kioo kitupu. Nililichokoa kwa muda wa saa nzima, nikilamba, nikigeuza, nikitupa. Pumisi, hakuna. Fuwele za maana, hakuna.

Na hili linajulikana. Frank Brown, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Utah aliyeanza kazi katika bonde la Omo miaka ya 1960 na kuendelea karibu hadi kifo chake 2017, alipata njia ya kulizunguka tatizo. Kama tabaka halina fuwele, pima kioo chake. Kila mlipuko una mchanganyiko wake wa chuma, kalsiamu, manganizi na vinginevyo, na mchanganyiko huo haurudiwi sawasawa, kama alama ya kidole gumba kwenye kitambulisho. Brown alikusanya majivu kutoka kila laga ya bonde hili, upande huu na ule, akayapima, akayaoanisha. Mwaka 1982 akaonesha kwamba Tulu Bor la Turkana na tabaka la Sidi Hakoma la Hadar, Ethiopia, kule ilikopatikana mifupa maarufu ya Lucy, mmoja wa viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ni majivu ya mlipuko mmoja. Kutoka Kataboi hadi Hadar ni karibu kilomita 1,000. Baadaye vumbi lilelile likatambuliwa katika matope yaliyozolewa kutoka sakafu ya bahari, Ghuba ya Aden. Na kwa kuwa kule Hadar fuwele zilikuwepo, zikapimwa, zikatoa karibu miaka milioni 3.4. Kataboi ikapata umri wake kutoka kwa ndugu wa mbali.

Sijui kama msomaji anaona ajabu niliyoiona mimi pale lagani. Ule unga mweupe niliokuwa nao kiganjani ulianguka siku zilezile Ethiopia na baharini. Viumbe waliotembea hapa siku hizo, wowote waliokuwa, walikohoa.

Na walikuwepo. Agosti 1999, Justus Erus, Mturkana katika kundi la Meave Leakey, aliona huko Lomekwi, kaskazini kidogo, fuvu lililopondekapondeka ndani ya tope gumu. Lilikuwa mita 8 chini ya Tulu Bor na mita 12 juu ya tabaka jingine la majivu, Lokochot, ambalo lina karibu miaka milioni 3.6. Ukijua umri wa sakafu na wa dari, na fuvu liko katikati, unapata karibu milioni 3.5. Mwaka 2001 likatangazwa kwa jina la Kenyanthropus platyops, Mtu wa Kenya mwenye uso bapa. Wapo wanaopinga jina hilo mpaka leo kwa sababu fuvu lilipasuka mno. Umri wake hakuna anayeupinga kwa dhati. Umekaa kati ya majivu mawili.

Tuliendelea kwa pikipiki hadi ilipokataa, kisha kwa miguu. Nilitaka kufika karibu na mahali ambapo, tarehe 9 Julai 2011, Sonia Harmand na Jason Lewis walipotea njia. Walikuwa wakielekea pale palipopatikana fuvu la 1999, wakashika tawi la laga lisilo lao, wakapanda kilima wasichokijua ili waone walipo. Walipoona mahali hapo pana kitu, hawakuondoka, wakaanza kupekua. Kufikia wakati wa chai, Sammy Lokorodi, Mturkana, akawa amewaonesha mawe yaliyovunjwa kwa mkono. Ndiyo Lomekwi 3. Zana 149, nyingine kubwa za kubebwa kwa mikono miwili, moja ina kilo 15, zimevunjwa kwa kugongwa juu ya jiwe jingine lililolala kama fuawe. Chini yake lipo tabaka la majivu la Toroto, lenye miaka milioni 3.31. Habari ilipotoka Mei 2015, zana kongwe zilizojulikana kabla ya hapo, za Gona huko Ethiopia, zilikuwa na milioni 2.6. Miaka laki saba imeongezwa kwa kukosea njia.

Tazama pia majina. Ngeneo, Erus, Lokorodi. Na Kamoya Kimeu, Mkamba, aliyeokota kaskazini ya hapa, Nariokotome, Agosti 1984, kipande cha paji la uso kisichozidi kisanduku cha kiberiti, cheusi kati ya kokoto nyeusi za lava, kikaleta mifupa ya kijana karibu mzima. Vyeo vikubwa katika makala za sayansi huenda kwingine, lakini jicho la kwanza mara nyingi lilikuwa la mtu aliyelelewa akihesabu mbuzi kwa mbali.

Ilikuwa wakati wa kurudi, nikiwa nimekata tamaa na chupa ya maji ikiwa robo, ndipo kijana wangu akainama. Akanipa kitu bila kukitazama sana. "Hili?"

Lilikuwa la ukubwa wa yai la kuku, jeupe lenye kutu, na nilipolipokea mkono wangu ulipanda juu, jinsi lilivyokuwa jepesi kuliko macho yalivyotegemea. Vitundu. Nililamba. Nikaliegesha juani, nikaligeuza polepole, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha ukingoni uso mdogo bapa ukawaka. Nikarudisha nyuma, ukazima. Nikageuza, ukawaka. Kisu hakikuukwaruza.

Nilipiga kelele, nakiri.

Naye akafurahi, kisha akaona uso wangu ukibadilika. Nilimuuliza lilikuwa wapi hasa. Akaonesha: juu ya mchanga, katikati ya laga. Juu ya mchanga. Si ndani ya ukuta, si ndani ya tabaka. Maji ya mvua fulani yalilibomoa kutoka juu, labda mita kumi kutoka hapo, labda kilomita nyingi magharibi. Lingeweza kuwa la majivu yoyote kati ya mengi yaliyotapakaa katika nchi hii. Fuwele iliyokuwa ndani ilikuwa mwenyeji halisi wa pumisi yake, na saa yake inaendelea kuhesabu bila kukosea. Ila ukiipima utajua umri wa jiwe, usijue umri wa kitu kingine chochote. Anayekusanya kwa kazi huchokoa pumisi kutoka ukutani kwa mkono wake, huandika ni mita ngapi juu ya nini na chini ya nini, hupiga picha, huweka alama kwenye mfuko, na kabla ya yote ana kibali mfukoni. Mimi nilikuwa na daftari tu, na nchi hii ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 na Sheria ya Madini ya 2016, nazo hazibabaishwi na shauku ya mwandishi.

Nilijaribu kumweleza. Alinikatiza.

"Kama mbuzi asiye na alama sikioni."

"Kama huyo."

"Huyo ni wa aliyemshika." Akalitia mfukoni.

Kataboi tulifika jua likielekea milima. Mama yake, au shangazi yake, sikuelewa vizuri na haikunihusu, alitutilia chai ya rangi yenye sukari ya kutosha watu sita. Kijana akalitoa jiwe, akamweleza kwa Kiturkana kwa maneno marefu, na kutokana na vicheko nilijua sehemu ya kulamba haikuachwa. Mama alilipima kwa kiganja, akaliburuza kwenye kisigino, akakubali kwa kichwa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akalitumbukiza kwenye beseni la maji.

Likaelea. Likatikisika mara mbili kama mtu anayetafuta pa kukaa, viputo vidogo vikaanza kutoka kwenye vitundu vyake kimoja kimoja, likalemea upande, likashuka taratibu hadi chini. Mama akalitoa, akalikung'uta, akaliweka dirishani likauke.